Nyumba ya kampuni, gazeti ya kampuni: wapangaji wa makambi ya Katanga wanatufundisha nini?

Mimi nilisoma agronomia, si istoria. Kazi yangu ni udongo na mbegu. Lakini leo nataka tuongee juu ya nyumba, sababu wengi wetu hapa tunalipa nyumba ya mutu, na benye kumaliza masomo mwaka huu wataanza kulipa karibuni.

Kwa nkambo wangu mwanamuke kuko sanduku ya bati. Ndani ya kifuniko chake alibandika kurasa za gazeti, sasa zimekuwa na rangi ya chai. Ni kurasa za Mwana Shaba, gazeti ya Union Minière. Nikiwa mutoto nilikuwa ninaangalia picha tu: timu ya mpira, mama mwenye nyumba safi, mutoto munono juu ya mizani. Mwaka uliopita niliziangalia tena, na mara hii nikauliza swali. Gazeti hii ilikuwa inaongea kila mara juu ya watu wa kambi. Lakini nani alikuwa anaiandika, na nani alikuwa anailipa?

Nkambo akacheka. Akasema: «Mu gazeti mulikuwa habari ya bakubwa. Habari yetu sisi tulikuwa tunaipata ku robine.»

Ile jibu haikuniacha. Njo sababu ya andiko hili.

Tuanzie mwanzo. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Mji wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ulianza mwaka wa 1910, mwaka ule ule reli ilifika kutoka upande wa Rhodesia. Mwaka wa 1911 tanuru ya Lubumbashi ikatoa shaba ya kwanza. Wafanyakazi walitafutwa mbali: Luapula, Lomami, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, na kisha, miaka ya 1920, hata Ruanda-Urundi. Mwanzoni walikuja kwa mikataba mifupi, wengi bila bibi na watoto, na wakalala mu makambi mabaya ambamo magonjwa yaliua wengi. Mutu alikuja, akachoka, akarudi kwao ao akafa, mwingine akachukua nafasi yake.

Hiyo hesabu ilikuwa mbaya hata kwa kampuni yenyewe. Kutafuta watu wapya kila mara kunakula pesa, na mutu mwenye kuzoea mashine anazalisha kuliko mugeni. Kwa hiyo kuanzia mwaka wa 1928 hivi, Union Minière ikageuza siasa yake. Mikataba ikakuwa ya miaka 3. Mwanaume akaambiwa aje na bibi yake. Watoto wakazaliwa mu hospitali ya kampuni, wakasoma mu masomo ya kampuni pamoja na wamisionere. Polepole nyumba za matofali zikachukua nafasi ya zile za zamani, na kila juma familia ilipokea posho.

Tuseme ukweli: kwa wakati ule, kulikuwa watu wengi mu Congo waliotamani maisha ya kambi. Nyumba bila kulipa, dawa, unga, masomo. Watu wakazoea kusema kama kampuni ni baba na mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika kitabu kizima juu ya hizo familia, na ukisoma jina lake tu unaelewa namna mambo yaliishia: Bana Shaba abandonnés par leur père. Yaani, watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Sasa, ile nyumba ilikuwa na kasoro gani? Kasoro yake ilikuwa moja, lakini kubwa: nyumba ilifuata kazi. Mwenye kukaa ndani hakukuwa mwenye nyumba, na hakukuwa hata mpangaji wa kweli, sababu mpangaji ana mapatano juu ya nyumba. Yeye alikuwa na mapatano juu ya kazi. Kazi ikiisha, mulango unafungwa. Kambi ilikuwa na mukubwa wake, na mukubwa wa kambi aliangalia usafi, aliangalia nani analala wapi, na mugeni gani amefika. Wakati wa krizi ya miaka ya 1930, bei ya shaba ilianguka, na kampuni ikarudisha maelfu ya wafanyakazi kwao. Siku moja uko na nyumba, bustani na jirani, siku nyingine uko ku gare na mizigo.

Kisha vita ya pili ya dunia ikaleta kazi nyingi na bei ya vitu kupanda. Mwezi wa 12 mwaka wa 1941, wafanyakazi weusi wa Union Minière wakagoma wakiomba mishahara ipandishwe. Tarehe 9, mu Élisabethville, walikusanyika ku kiwanja cha mpira. Askari wakapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina la wenzake, akauawa pale pale, pamoja na makumi ya wengine. Watu hao walikuwa na nyumba. Walikuwa na posho. Kile walikosa ni mahali pa kusema na kusikiwa. Nyumba nzuri haichukui nafasi ya sauti. Kwa mara ya kwanza, mwaka wa 1946, serikali ya kikoloni ikaruhusu vyama vya wafanyakazi weusi, lakini chini ya macho yake.

Si kampuni peke yake ilijenga. Kisha vita serikali ilianza mupango wa miaka kumi, 1949 mpaka 1959, na mwaka wa 1952 ikaunda Office des Cités Africaines, ile tunaita OCA. Ndugu zetu wa Bukavu wanajua Bagira, wa Kinshasa wanajua Matete, wa Lubumbashi wanajua Ruashi: zile nyumba zenye kufanana, mistari kwa mistari, nyingi ni kazi ya OCA. Mu Katuba, Lubumbashi, njia ilikuwa ingine: mutu alipewa kiwanja na mukopo, akajenga mwenyewe. Angalieni tofauti hii vizuri. Wa Katuba alikuwa na jasho zaidi na robine iko mbali, lakini parsele ilikuwa inaelekea kuwa yake. Wa kambi alipata yote tayari, isipokuwa parsele.

Tunafika sasa ku sanduku ya nkambo. Mwana Shaba ilianza mwaka wa 1957. Ilikuwa gazeti ya kampuni kwa wafanyakazi wake, na ilidumu miaka mingi, hata wakati wa Gécamines. Sitaki kuicheka. Watu waliipenda, waliisoma kwa sauti mu nyumba, na kwa watoto wengi ilikuwa karatasi ya kwanza ya kusoma inje ya masomo. Lakini tujiulize kama wasomi: mwenye nyumba akiwa pia mwenye gazeti, mpangaji atasoma wapi habari ambayo mwenye nyumba hapendi? Atasoma wapi kama mwaka kesho kazi zitapunguzwa?

Atazisikia ku robine. Nilimuuliza nkambo ku robine walikuwa wanaongea nini. Akahesabu ku vidole: mutoto wa nani ana homa, nani amefiwa na anahitaji makala na unga ya kilio, bwana ya nani amegombana na kapita na pengine atafukuzwa, zamu ya kitemo iko ya nani mwezi huu. Mwanamuke mugeni, mwenye kutoka mbali na asiyejua mutu, ku robine njo alipata ndugu wa kwanza. Hayo hayakuandikwa mu gazeti yoyote. Lakini ilikuwa habari, na ilikuwa musaada, na kampuni haikuitoa.

Kuko mufano mwingine wenye kunifurahisha sana. Mwaka wa 1965, mu mji ule ule, André Yav, mutu aliyefanya kazi mu nyumba za wazungu, aliandika istoria ya Élisabethville kwa Kiswahili chetu, ile ya kila siku. Kitabu kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kiliandikwa kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani. Boyi wa zamani walikuwa wanajua kulala mu nyumba ya bosi ni nini: kajumba ka nyuma ya parsele, ukifukuzwa asubuhi, mangaribi hauna pa kulala. Hawakungoja mtu wa kuwaandikia. Johannes Fabian akakitoa kwa wasomaji wa dunia mwaka wa 1990. Leo watu wa mbali wanakisoma ili kuelewa mji wetu. Kimetoka kwa watu ambao mji ulikuwa unawaita «boyi».

Mwisho wa istoria munaujua. Tarehe 1 mwezi wa kwanza 1967 mali ya Union Minière ikapita mu mikono ya serikali, na kampuni mupya ikakuja kuitwa Gécamines. Makambi yaliendelea, posho iliendelea. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka wa 1990 mugodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka wa 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka wa 2003, kwa musaada wa Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka mu ule mupango ulioitwa wa kuondoka kwa kupenda. Walipewa pesa mara moja, wakaambiwa imeisha.

Mu agronomia tunajua kitu hiki. Muche ukikaa sana mu kitalu, chini ya kivuli, ukimwagiliwa kila asubuhi, mizizi yake inazunguka ndani ya mufuko tu. Siku unaupanda inje, kosa si la muche. Lakini unateseka.

Hata hivyo sitaki mumalize kusoma mukifikiri kama watu hao walikaa tu kulia. Wengi walirudia jembe: walilima mihindi na mboga kandokando ya mji, na bamama wakauza. Na wale walioondoka wakaunda umoja wao wa wafanyakazi wa zamani. Wakakutana, wakapashana habari, wakahesabu kile kila mumoja alistahili, wakagonga milango ya serikali na ya Banki ya Dunia. Hawakupata yote walidai. Lakini angalieni kile kilibadilika: kwa mara ya kwanza habari juu ya maisha yao ilikuwa inatoka kwao wenyewe, mu mikutano yao, na si mu ofisi ya baba kampuni. Robine ya bamama ilikuwa imepata karatasi na kalamu.

Sasa turudi kwetu. Nilipomaliza lisansi yangu nilitafuta chumba. Mwenye nyumba aliniomba garanti ya miezi 6. Nikakopa kwa mujomba, nikalipa, nikashukuru hata. Mwaka mumoja kisha, rafiki aliyesoma sheria akaniambia kama sheria ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2015 juu ya upangaji inasema wazi: kwa nyumba ya kukaa, garanti haiwezi kupita miezi 3. Nilisikia haya. Mimi mwenye diplome, nilikuwa nimelipa mara mbili ya sheria sababu hakuna mutu aliniambia, na mimi sikuuliza. Mu parsele yetu tulikuwa lokateri 5. Wote tulikuwa tumelipa miezi 6. Wote tulikuwa tunaamkiana kila asubuhi, na hakuna hata siku moja tuliongea juu ya hiyo.

Njo pale nilielewa nkambo. Bamama wa kambi, bila diplome, wangejua ile habari kabla ndoo haijajaa.

Basi kwa ninyi benye kumaliza mwaka huu, naomba vitu vitatu tu. Kwanza, mukiingia mu nyumba, omba mapatano ya karatasi na risiti ya kila pesa, hata kama mwenye nyumba ni mutu wa kanisa lenu. Pili, jueni lokateri wenzenu: jina, shida, na kile kila mumoja analipa. Tatu, mwenye kusoma sheria katikati yetu asomee wengine mu Kiswahili, mwenye kujua hesabu ahesabie wengine, na mwenye kusikiliza vizuri aende kwa wazee wa makambi na wa cité za OCA aandike istoria yao kabla haijafa pamoja nao. Yav alifanya hivyo bila iniversite.

Sisi tulio na diplome hatukosi robine. Tunakosa kusimama pale na ndoo zetu tukaulizana.

Mwenye nkambo aliyekaa mu kambi ao mu nyumba ya OCA, aandike hapa chini kile alisikia. Tunaanza leo.