Rusizi: kahawa, urwagwa na mji uliokuwa makao makuu

Wasomaji wa kijarida hiki wamezoea kusoma kwamba Kiswahili kiliingia Rwanda kutoka mashariki, kikifuata misafara ya wafanyabiashara na askari wa Kijerumani, na kwamba kilipata nguvu mpya nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili Tanzania, na hivyo ndivyo tulivyowafundisha wengine. Si uongo. Lakini iko pembe moja ya nchi ambako maelezo hayo hayatoshi, nayo ni Rusizi, ambayo wazee bado wanaiita Cyangugu.

Tulikwenda huko mwaka 2019 pamoja na wanafunzi wa mwaka wa tatu. Kutoka Huye barabara hupita katika msitu wa Nyungwe, ambao ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 na uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023. Ndani ya msitu huo ndimo maji yanapoagana: ya upande mmoja huelekea Nile, ya upande wa pili Kongo. Ukitoka msituni unakutana na mashamba ya chai ya Gisakura, kisha Ziwa Kivu linaanza kuonekana kati ya vilima. Watalii wengi huishia msituni kuangalia sokwe na nyani, halafu hugeuza gari. Wanakosa mengi.

Tuanze na Shangi, kando ya ziwa, mahali ambapo leo pamo katika wilaya jirani ya Nyamasheke lakini zamani palikuwa sehemu ya Cyangugu. Mwaka 1896, mwaka mmoja baada ya kufa Mwami Rwabugiri, jeshi la Rwanda lilipigana hapo na askari wa Dola Huru ya Kongo, wenye bunduki, likashindwa. Miaka michache baadaye, Mjerumani Richard Kandt, aliyekuja kutafuta chanzo cha Nile, alijenga nyumba yake papo hapo Shangi. Mtu huyu ndiye aliyefanywa Residenti mwaka 1907 akaanzisha mji wa Kigali. Kwa maneno mengine, mwanzilishi wa mji mkuu wa leo alikaa kwanza huku, na aliishi akizungukwa na wapagazi na askari ambao lugha yao ya kuelewana ilikuwa Kiswahili. Kisha akahama. Tunaomba msomaji aliweke hilo akilini, maana kuhamiwa ndiyo hadithi ya Rusizi.

Kutoka hapo tulipanda Mibirizi. Misheni ya Mibirizi ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1903, na mwanzoni mwa karne hiyo ya 20 ilipandwa hapo mibuni iliyotokana na mbegu za Guatemala. Kahawa iliyosambaa kutoka kilima hicho inaitwa Mibirizi hadi leo katika vitabu vya wataalamu wa kilimo, nchini Rwanda na Burundi pia. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwalazimisha wakulima kupanda kahawa, wakalipia kodi kwa mazao ambayo wenyewe hawakuyanywa. Tulikumbuka Dodoma, ambako tuliwahi kutembelea mashamba ya zabibu wakati wa masomo. Zabibu za huko nazo zilianzia kwa wamisionari Wakatoliki, katika miaka ya 1950, na mkulima wa Kigogo huzikamua kwa ajili ya mvinyo wa watu wengine. Tofauti ni kwamba Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, na makao hayo, ingawa yalichelewa, yalifika.

Hatuwezi kupita Mibirizi bila kutaja mwaka 1994. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia parokia hiyo wakidhani kanisa litawalinda waliuawa humo. Ipo kumbukumbu yao. Tulisimama hapo kimya, na siku hiyo hatukuzungumzia tena kahawa.

Kinywaji cha wenyeji ni urwagwa, pombe ya ndizi, na mzee mmoja wa kijiji cha jirani alitueleza inavyotengenezwa huku wanafunzi wakiandika. Ndizi za pombe huchimbiwa shimo lililotandikwa majani ya mgomba, hufunikwa, na moto huwashwa pembeni ili joto liziivishe kwa siku tatu au nne. Humenywa na kutiwa katika umuvure, yaani chombo kirefu cha mti kinachofanana na mtumbwi, na kukandwa kwa nyasi mpaka maji yatoke. Hayo ndiyo umutobe, ambayo hata watoto hunywa. Yakichanganywa na maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, kisha yakafunikwa siku moja mpaka tatu, huwa urwagwa. Mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, desturi inayoitwa gusogongera, ili ijulikane kwamba hakuna sumu. Mwanafunzi mmoja kutoka Kagera alisema kwao hiyo ni rubisi. Mzee akacheka, akasema ng'ambo ya daraja huko Bukavu wanaiita kasiksi, na ni ileile. Maneno matatu kwa chungu kimoja: hapo tulijua somo letu limeanza.

Daraja lenyewe ni fupi kuliko tulivyotarajia. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu kwenda Tanganyika, na mkataba wa Brussels wa mwaka 1910 ndio uliothibitisha kwamba mto huo ni mpaka kati ya Wajerumani na Wabelgiji. Ng'ambo Wabelgiji walijenga Bukavu, ambao kuanzia 1927 hadi miaka ya 1950 uliitwa Costermansville, na ukakua ukawa jiji. Upande huu ilibaki Cyangugu: barabara moja inayoshuka ziwani, nyumba za zamani zenye baraza, hoteli na forodha. Biashara ilipanda juu Kamembe, kwenye uwanja wa ndege. Hata hivyo Cyangugu ilikuwa makao makuu ya mkoa wenye jina lake. Mwanzoni mwa mwaka 2006 mikoa ya zamani ikafutwa, ukaundwa Mkoa wa Magharibi, na makao yakawekwa Karongi. Cyangugu ikawa jina la wazee.

Lakini sokoni watu hawajahama. Mama mmoja muuza samaki alituita: “Niko na sambaza ya leo, muje muone!” Wanafunzi wawili walisimama wakishangaa wameamriwa kusambaza nini. Sambaza ni samaki wadogo walioletwa na Wabelgiji kutoka Ziwa Tanganyika kuja Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, nao huvuliwa usiku kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Mwanafunzi mwingine, mwenye alama nzuri darasani, akamsahihisha: “Mama, sema nina sambaza.” Mama akamjibu kwa upole kwamba yeye hajasoma Kiswahili, alikipata kwa mama yake, na mama yake alikipata Bukavu sokoni, kabla ya uhuru.

Hakuna msafara wa pwani katika maelezo hayo, wala Jumuiya, wala sheria ya 2017. Kiswahili cha Rusizi kilivuka daraja kutoka magharibi, kichwani mwa wanawake wenye vikapu. Ni lahaja yenye kawaida zake, nasi tulikuwa tumemleta kijana wa kuikosoa kwa kalamu nyekundu. Tunakiri kwamba kalamu hiyo tulimpa sisi.

Tangu safari ile daraja limefungwa kwa ajili ya Korona mwaka 2020, na Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu. Kila jambo la namna hiyo linapotokea, wa kwanza kukosa riziki ni akina mama kama yule.

Tunawaomba walimu wenzetu wenye wanafunzi kutoka Rusizi, Nyamasheke na Bugarama wawape kazi ndogo: waandike majina ya vyakula, vinywaji na vyombo kama yanavyotamkwa nyumbani, bila kuyasahihisha, na watuletee idarani. Sisi tumeshaanza daftari. Ukurasa wa kwanza una maneno matatu ya pombe ya ndizi.