Deni la Shukrani katika Utafiti wa Uhalifu wa Chuki Dhidi ya Watu Wenye Ulemavu: Karatu na Ngorongoro

Katika tasnifu za uzamivu, ukurasa wa shukrani hutangulia sura zote na humtaja msimamizi, mfadhili na familia. Kwa mwanahistoria, ukurasa huo ni ushahidi wa namna maarifa yalivyopatikana. Hata hivyo, katika utafiti wa uhalifu wa chuki dhidi ya watu wenye ulemavu, ushahidi huo una pengo: waliochangia zaidi mara nyingi hawawezi kutajwa.

Chanzo cha utegemezi huo ni hali ya kumbukumbu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haina kosa liitwalo uhalifu wa chuki. Daftari la mahakama huandika mauaji au kujeruhi. Nia ya kumdhuru mtu kwa sababu ya ulemavu wake hubaki katika simulizi za familia na majirani. Aidha, majalada yenyewe yametawanyika. Karatu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu hadi miaka ya 1990, na Mbulu ikaingia Mkoa wa Manyara mwaka 2002. Ngorongoro ya kikoloni ilihesabiwa katika Wilaya ya Masai, iliyotawaliwa kutoka Monduli. Kwa hiyo mtafiti humhitaji msimamizi anayejua jalada liko wapi, mwenyekiti wa kijiji anayemdhamini kwa wazee, na mkalimani wa Kiiraqw au Kimaasai anayetambua jina lipi la ulemavu ni la heshima na lipi ni tusi.

Kinachozuia majina yao kuandikwa ni usalama. Mwaka 2008, mauaji ya watu wenye ualbino yalipokuwa yameshamiri Kanda ya Ziwa, mwandishi wa BBC Vicky Ntetema alifichua biashara ya viungo vyao, akatishiwa maisha na kulazimika kujificha. Ikiwa mwandishi wa shirika kubwa alifikwa na hayo, mama wa kijijini aliyemtaja jirani yake ana kinga ndogo zaidi.

Basi shukrani katika uwanja huu haiishii kwenye orodha ya majina. Hutimizwa kwa kuitunza siri ya msimuliaji, kuyarejesha matokeo kijijini kwa lugha inayoeleweka, na kuvitambua hadharani vyama vya wahusika wenyewe. Chama cha Maalbino Tanzania kilianzishwa mwaka 1978, miaka 30 kabla ya ripoti ya Ntetema. Tasnifu inayokisahau humpa msomi sifa ya kuanzisha kazi ambayo wengine waliianza.