Nyumba ya Muda

Katika nyumba ya muda ya vijana wa mitaani niliyoisimamia South Beach, Durban, mvulana mmoja aliniuliza: "Baba, muda wangu ukiisha nitakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nilitazama dirishani, kilima cha Bluff kikionekana ng'ambo ya mlango wa bandari.

Huko Bluff walifanya makao wale waitwao Wazanzibari, ingawa wengi wao asili yao ni Wamakua. Manowari za Waingereza ziliwatoa katika majahazi ya watumwa, na kundi la kwanza likashushwa Durban mwaka 1873. Walipewa uhuru pamoja na mkataba wa kazi wa miaka 5; uhuru wa ajabu, kwa kweli.

Unguja, mwaka 1864, Seyyid Majid alimkabidhi Askofu Tozer wavulana 5 waliookolewa jahazini, wakalelewa kwake Shangani. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi. Baadaye vijana kama hao walikusanywa Kiungani. Humo alilelewa Cecil Majaliwa, aliyepewa ukasisi mwaka 1890.

Ndugu zangu wa ukoo, hupenda sana kuyasimulia majahazi ya mababu zetu, tende zake na karafuu zake. Waliokuwamo ngamani hatuwataji. Mimi nami nilinyamaza hivyo mpaka nilipoulizwa swali lile.

Wa Bluff waliondolewa tena, wakahamishiwa Chatsworth katika miaka ya 1960, chini ya sheria za ubaguzi wa rangi. Mvulana wangu aliondoka siku yake ilipofika. Nilimpa blanketi na nauli ya basi.