Sinema Isiyokuwa na Paa

Asafiriye kwa matatu katika barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika husikia kondakta akitangaza kituo kiitwacho Drive-In. Abiria hushuka, wengine hupanda, na gari likaenda zake. Katika barabara ya Mombasa kadhalika kipo kituo kiitwacho Bellevue. Ni wachache wanaouliza majina hayo yametoka wapi. Yote mawili ni ya sinema zilizoonyeshwa uwanjani, chini ya nyota, watazamaji wakiwa wameketi ndani ya magari yao. Sinema zenyewe hazipo tena. Majina yamesalia kama mafiga mahali palipokuwa na jiko.

Sinema za namna hii zilianzia Marekani. Mtu mmoja aliyeitwa Richard Hollingshead aliweka mashine ya kuonyeshea picha juu ya boneti ya gari lake, akatundika shuka baina ya miti miwili, na nyuma ya shuka akaweka redio ili apate sauti. Aliona upesi kwamba gari la mbele humziba aliye nyuma. Dawa yake ilikuwa kuinua ardhi kwa matuta, safu baada ya safu, ili kila gari lisimame magurudumu ya mbele yakiwa juu kidogo. Sinema yake ilifunguliwa karibu na mji wa Camden, New Jersey, mwezi wa Juni, 1933. Baadaye vikabuniwa vipaza sauti vidogo vya kutundikwa dirishani, hata kila gari likawa na sauti yake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, Marekani ilikuwa na sinema za magari zipatazo elfu nne.

Uvumbuzi huo ulifaa sana katika nchi zetu. Huku kwetu jua huchwa mapema mwaka mzima, na ifikapo saa moja za usiku giza limekwisha kutanda. Basi pamoja na hizo za Nairobi, mwaka 1966 sinema ya magari ilifunguliwa katika mji wa Dar es Salaam, upande wa Msasani. Nataka tuitazame hiyo kwa makini, kwa sababu maisha yake na mwisho wake vina mafunzo mengi.

Mwaka uliofuata, 1967, Tanzania ilitoa Azimio la Arusha na kushika njia ya ujamaa. Hapo pana jambo la kufikirisha. Gari lilikuwa mali ya wachache, na viongozi walikuwa wakiwahimiza watu waishi kwa jasho lao na kuepuka anasa. Je, starehe ya kuketi garini na kutazama picha za Kihindi na za Kizungu ilikuwa na nafasi gani katika nchi ya namna hiyo? Wako ambao wangejibu kwamba haikuwa na nafasi. Lakini familia zilikwenda, na vyakula vyao na watoto wao. Na gari moja, kama tujuavyo desturi yetu, huwa halimchukui mwenyewe peke yake, bali na ndugu na majirani. Mtu hutaka kula ashibe, lakini hutaka pia kucheka pamoja na wenziwe.

Sinema hiyo haikuangushwa kwa pigo moja. Bei ya mafuta ilipanda ghafula duniani mwishoni mwa mwaka 1973, na baadaye serikali ya Tanzania ikapiga marufuku uendeshaji wa magari ya binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana, isipokuwa kwa ruhusa. Marufuku hiyo iliiangukia siku ambayo familia hupumzika. Kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikausha hazina, na fedha za kigeni za kununulia filamu mpya zikawa haba. Katika miaka ya 1980 kanda za video ziliingia, na watu wakaanza kutazama picha sebuleni. Hapakuwa na adui hata mmoja aliyekusudia kuiua sinema. Bandu bandu humaliza gogo.

Mwisho wake unatugusa sisi Wakenya pia. Tarehe 7 Agosti, 1998, mabomu yalilipuliwa katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Watu zaidi ya mia mbili walikufa Nairobi, na kumi na mmoja Dar es Salaam. Ubalozi mpya ulipotafutiwa mahali Dar es Salaam, palihitajika uwanja mpana, ili majengo yawe mbali na barabara. Uwanja uliochaguliwa ulikuwa ule wa sinema ya zamani, na ubalozi ukafunguliwa mwaka 2003. Pale ambapo zamani magari yalikaribishwa yaingie kwa safu, leo kila gari husimamishwa langoni na kukaguliwa. Simlaumu mtu. Waliojenga walikuwa na sababu, tena sababu ya machozi. Lakini uwanja huo mmoja unatueleza mengi kuhusu jinsi dunia ilivyogeuka katika muda usiotimia miaka arobaini.

Wanafunzi wengi hudhani kuwa historia ni habari za wafalme, vita na mikataba tu. Hizo ni historia, lakini mahali watu walipokwenda kufurahi jioni ni historia pia, tena ni rahisi zaidi kupotea, kwa kuwa hapana anayejali kuihifadhi. Matingatinga huondoa matuta kwa siku chache. Kumbukumbu huondoka polepole, mzee mmoja baada ya mwingine. Basi, ukisikia jina la kituo ambalo halina maana machoni pako, usilipite tu. Ulizia kwa wazee wa mahali hapo, na watakayokwambia uyaandike.