Kusoma lisansi ya uuguzi kwa intaneti ukiwa Goma: mambo ya kuangalia mbele ya kulipa

Tangazo linaingia kwenye simu saa tano za usiku, wakati muuguzi yuko kwenye gardi na wodi imetulia kidogo. Picha ya mtu mwenye kofia ya kumaliza chuo, anacheka: pata digrii bila kutoka nyumbani. Chini kuna kitufe cha kujiandikisha na bei kwa dola. Kwa A2 aliyefanya kazi miaka kumi huko Masisi ao Rutshuru, ama kwa A1 anayeona kila shirika likiomba A0, tangazo kama hilo linagusa.

Na huku kwetu kuna sababu zaidi. Tangu benki za Goma zifunge milango na uwanja wa ndege usimame, mwisho wa Januari 2025, kwenda kusoma Kinshasa ao Kisangani kumekuwa safari ya kuzunguka inchi za jirani. Mtu mwenye watoto na zamu za usiku hawezi. Basi intaneti inaonekana kama mlango pekee. Ni mlango kweli, lakini kuna vyumba vingine nyuma yake ambavyo havina kitu, na kuna watu waliolipa minervale ya mwaka mzima ili wagundue hivyo.

Tuanze na ngazi zenyewe, juu hapo ndipo watu wengi wanapotea. A2 anatoka shule ya sekondari ya uuguzi. A1 alisoma ISTM miaka mitatu na kupata graduwa. A0 aliongeza miaka miwili na kupata lisansi, kwa hiyo alisoma miaka mitano baada ya diplome d'État. Huo ndio mfumo wa zamani, na mpaka leo matangazo ya kazi yanaongea lugha yake.

Kisha ikaja LMD, yaani lisansi, masta, dokta. Sheria ya elimu ya Februari 2014 iliiweka, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, wakati waziri alikuwa Muhindo Nzangi, vyuo vyote viliambiwa viingie. Katika LMD, lisansi ni miaka mitatu. Masta ni miwili juu yake.

Angalia mtego uko wapi. Wewe ni A1, una graduwa ya miaka mitatu. Unaona chuo cha Dakar, Paris ao Montréal kinatoa "lisansi" kwa intaneti, unafikiri ni A0. Lakini kwa vyuo vya Dakar na Paris lisansi ni miaka mitatu baada ya sekondari. Kwa hesabu ya miaka, unaweza kulipa pesa na usiku mwingi ili upate karatasi inayolingana na ile uliyonayo kwenye kabati. Kwa hesabu hiyo hiyo, kinachokaribia A0 yetu ni masta. Kwa hiyo usiulize tu jina la diplome. Uliza ni mwaka wa ngapi baada ya diplome d'État, na ni kredi ngapi: lisansi ya LMD ni kredi 180, masta ni 120 juu yake.

Jambo la pili ni staji. Uuguzi haujifunzwi kwenye kioo cha simu peke yake. Kuweka sonda, kupokea mtoto anayezaliwa, kusimamia zamu ya watu sita wakati majeruhi wanaingia kwa wakati mmoja: hayo yanahitaji hospitali na mtu wa kukusimamia. Programu nzuri inasema wazi: nadharia kwa intaneti, staji kwenye hospitali iliyo karibu na wewe, kwa makubaliano yaliyoandikwa. Goma ina hospitali kubwa ambazo zinazoea kupokea wanafunzi: Hospitali ya Mkoa, HEAL Africa, CBCA Virunga, CBCA Ndosho. Lakini hospitali haiwezi kukupokea kwa jina la chuo ambacho haikijui. Kama chuo kinakuambia utapata lisansi ya uuguzi bila staji hata siku moja, wacha.

Kuna pia programu ambazo ni za kweli kabisa, lakini si zako. Vyuo vya Marekani vinatangaza sana masomo ya kutoka uuguzi wa kawaida hadi digrii, yote kwa intaneti. Bei inaweza kuwa nzuri, walimu ni wazuri. Ila vingi vinaomba leseni hai ya uuguzi ya jimbo la Marekani, ambayo A1 wa Karisimbi hana. Sharti hilo mara nyingi liko chini, kwa herufi ndogo. Kuna University of the People, iliyoanzishwa 2009, ambayo haiombi minervale ya kawaida bali malipo ya kila somo; ina digrii ya sayansi ya afya, lakini hiyo si digrii ya uuguzi, na anayetaka kupanda ngazi ya uuguzi asichanganye vitu hivyo viwili.

Je, kuna mahali jambo hili lilifanyika vizuri? Ndiyo, na si mbali. Mwaka 2005 Kenya ilikuwa na wauguzi zaidi ya elfu 20 wa ngazi ya chini waliotakiwa kupanda. Kuwaingiza wote darasani kungefunga vituo vya afya. Shirika la Amref, pamoja na baraza la wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture, likaanzisha masomo kwa kompyuta: muuguzi anabaki kazini, anasoma kwenye kituo kilicho karibu, na staji anaifanya hospitalini. Mbele ya somo la kwanza, baraza lenyewe, lile linalotoa leseni, lilikuwa ndani ya mpango. Hakuna aliyemaliza halafu akaanza kutembea na karatasi akiomba itambuliwe. Chuo Kikuu cha Aga Khan nacho, tangu 2001, kilifundisha wauguzi walio kazini Kenya, Uganda na Tanzania, lakini kwa kuwaita darasani siku chache za juma.

Kwetu anayepaswa kuwa ndani ni nani? Kuna Ordre des Infirmiers, iliyoundwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016, na kuna wizara ya elimu ya juu, ambayo ndiyo inatoa ekivalansi kwa diplome za kigeni. Bila ekivalansi, masta yako ya nje inaweza kukubaliwa na shirika moja na kukataliwa na serikali ukitaka kubadilisha grade. Faili linaenda Kinshasa, na leo kutuma faili kutoka Goma si jambo la siku mbili. Uliza Ordre hapa mkoani mbele ya kujiandikisha, si baada. Kwa vyuo vya Afrika inayoongea Kifaransa, angalia kama diplome yenyewe inatambuliwa na CAMES, baraza lenye makao Ouagadougou ambalo Kongo ni mwanachama. Siyo chuo tu kitambuliwe. Diplome hiyo hiyo unayotaka.

Kwa maoni yetu, A2 anayetaka A1 asihangaike na intaneti ya mbali. ISTM iko hapa Goma; aende aulize ratiba na kama kuna nafasi ya kupanga zamu. Intaneti inafaa zaidi yule aliye tayari A0, ama mwenye lisansi ya LMD, anayetaka masta ya afya ya jamii, epidemiolojia ao uongozi wa hospitali. Hayo yanasomeka vizuri kwa mbali, na ndiyo yanafungua kazi ya usimamizi kwenye zone de santé.

Kuhusu kozi za bure: OpenWHO ya Shirika la Afya Duniani, tangu 2017, na mtandao wa RAFT uliotoka Geneva 2001, zimetoa masomo mazuri kwa Kifaransa. Soma, yanasaidia. Lakini cheti hicho hakibadilishi A1 kuwa A0. Wengi walikusanya vyeti wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, na grade ikabaki pale pale.

Mwisho ni mambo ya kila siku, ambayo yanaangusha watu kuliko mitihani. Chuo kinapokea malipo kwa njia gani? Kama ni kwa benki tu, utavuka kwenda Gisenyi kila mara? Kama kinakubali M-Pesa ao Airtel Money, omba kulipa kwa somo, si kwa mwaka. Masomo yanaweza kupakuliwa na kusomwa bila mtandao? Video ya moja kwa moja inakula mega haraka sana, na moto ukikatika mtihani haungoji. Uliza nini kinatokea ukikatika katikati ya mtihani, na uombe jibu kwa maandishi. Angalia pia saa: saa nane mchana Kinshasa ni saa tisa Goma, na saa nane mchana Dakar ni saa kumi kwetu. Darasa la jioni la Montréal linaanguka usiku wa manane Goma. Chukua ratiba ya chuo, iweke kando ya ratiba ya gardi zako za mwezi mmoja, uhesabu ni darasa ngapi zinagongana, kisha uende nayo kwa mkubwa wa wauguzi wa hospitali yako mbele ya kutuma dola ya kwanza.