Kasi ya kubofya kipanya: Namna ya kuipima na kuiongeza

KIJANA wa Mbotela, mashariki mwa jiji la Nairobi, aingiapo katika saiba kucheza michezo ya tarakilishi hulipia muda anaotumia. Ndiyo maana wengi hutaka kujua mapema iwapo vidole vyao vina kasi ya kutosha kupambana na wapinzani. Kujipima ni rahisi, ila matokeo yake huweza kupotosha.

Kasi hii huelezwa kwa idadi ya mibofyo katika sekunde moja. Programu huhesabu mibofyo ndani ya muda uliowekwa, kisha hugawanya jumla kwa sekunde zilizopita. Aliyebofya mara 60 katika sekunde 10 ana kasi ya 6. Mtu mzima mwenye afya njema, akigonga kwa kidole cha shahada, kwa kawaida hufikisha takriban mara 50 katika sekunde 10.

Jaribio la sekunde 1 humpendeza mchezaji kwa sababu kidole hakijachoka. Lenye kuaminika zaidi ni la sekunde 10, likirudiwa mara 3 na kutafutiwa wastani.

Kabla ya kuyaamini matokeo, kipanya chenyewe kikaguliwe, hasa kile kinachotumiwa na watu wengi. Chini ya kitufe mna swichi yenye kibati chembamba cha chuma. Kikichakaa, mbofyo mmoja huweza kusajiliwa kama miwili. Bofya polepole mara 20. Programu ikionyesha zaidi ya 20, basi kipanya ndicho kinachodanganya.

Anayetaka kuongeza kasi aulaze mkono wake mezani, asikibane kipanya, na kidole kisiinuke mbali na kitufe. Abonyeze karibu na ncha ya mbele ya kitufe, ambapo nguvu ndogo hutosha. Mazoezi mafupi yenye mapumziko yanafaa kuliko ya saa nzima mfululizo.

Wapo wanaokaza misuli ya mkono hadi kidole kitetemeke, na wengine hupokezanya vidole viwili juu ya kitufe kimoja. Mbinu hizo huongeza mibofyo, lakini hupunguza shabaha. Mwaka wa 1954, mwanasaikolojia Mmarekani Paul Fitts alionyesha kwamba kadiri shabaha inavyokuwa ndogo na ya mbali, ndivyo mkono unavyohitaji muda mrefu zaidi kuifikia.

Aidha, si kila mchezo humtuza mwenye pupa. Katika Minecraft, toleo la 1.9 la mwaka wa 2016 lilileta kanuni kwamba silaha isubiriwe kidogo kabla ya kupiga tena kwa nguvu kamili. Anayebofya ovyo hapo hutoa mapigo hafifu. Heri ajue kanuni za mchezo kabla ya kukisumbua kidole.

La kuzingatiwa zaidi ni afya. Kubofya kwa kukaza misuli huchosha kano, na neva ipitayo katika njia nyembamba ya kifundo cha mkono huweza kubanwa. Dalili ni maumivu, ganzi au vidole kuwashawasha, hasa usiku. Mkono huo ndio utakaoshika nyundo, cherehani au kalamu kesho yake. Dalili zikijitokeza, mchezaji aache mazoezi. Zisipotoweka baada ya siku kadhaa, amwone daktari.