Babu Aliyezikwa Ugenini

Wasifu wa marehemu unaosomwa katika misiba ya Wakristo wa kwetu una mwendo mmoja. Marehemu alizaliwa mahali fulani, akabatizwa, akafunga ndoa takatifu, akawa mzee wa kanisa, akaugua, akalala katika Bwana. Ameacha mjane, watoto, wajukuu na vitukuu. Msomaji anakunja karatasi, kwaya inasimama. Kijijini hilo linatosha kabisa, kwa maana waliokaa chini ya turubai wanayajua mengine yote: alivyogombania mpaka wa shamba, alivyomsomesha mtoto wa dada yake, alivyokuwa mkali kwa walevi. Wasifu ni muhtasari wa kitabu ambacho kila mtu amekwisha kukisoma.

Upeleke wasifu huo Marekani uone unavyopwaya. Wapo wazee wengi wa Kibembe kutoka Fizi, mashariki mwa Kongo, waliovuka Ziwa Tanganyika vita vilipozuka mwaka 1996, wakapokelewa katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, wakakaa humo miaka nenda rudi, kisha wakahamishiwa miji ya Marekani ambayo hawakuwahi kuisikia. Mzee wa namna hiyo akifa, katibu wa kanisa huandika kwamba alibatizwa kwa maji mengi, alihamia Tanzania, na baadaye Marekani, ambako aliendelea kumtumikia Mungu hadi mauti. Koma mbili tu, na ujana wa mtu umepita! Humo ndani ulikuwamo mgao wa unga na maharage, kanisa la matofali ya udongo, foleni za mahojiano, na huenda zamu za usiku katika kiwanda cha nyama kwa mtu aliyezoea kuitwa mchungaji. Wajukuu walioketi benchi la mbele, ambao Kiswahili chao kinaishia kwenye salamu, wanatoka ibadani wakijua kwamba babu alimpenda Yesu. Ni kweli alimpenda. Ila hawajui alimpendea wapi, wala kwa gharama gani.

Nadhani tatizo si uvivu wa makatibu. Wasifu wetu unatoa taarifa kwa kanisa kwamba mtu huyu amefia katika imani, na kwa kazi hiyo ukimbizi hauna uzito, tena unaonekana kama aibu ya kufunikwa.

Wagiriki Waorthodoksi wamekwenda mbali zaidi katika kuacha mambo nje, na kwao inafaa. Walowezi wa Kigiriki tuliwahi kuwa nao Tanganyika, katika mashamba ya mkonge na tumbaku, na makanisa waliyojenga Arusha na Dar es Salaam ni ushahidi. Siku ya arobaini baada ya kifo familia huleta kanisani koliva, yaani ngano iliyochemshwa, ikachanganywa na zabibu kavu, lozi na punje za komamanga, juu yake sukari nyeupe. Padri hutaja jina la ubatizo tu. Wasifu haumo katika sala hiyo. Kinachoombwa ni kwamba Mungu ndiye amkumbuke daima. Kumbukumbu ikiwa kazi ya Mungu, mtoto hana haja ya kumpamba baba yake, na jina husafiri popote lilipo kanisa. Napenda unyenyekevu huo. Ila mjukuu akiuliza babu alikuwa nani, ngano haitamjibu.

Wakorea ndio wanaonishughulisha zaidi, kwa kuwa waliigombania kumbukumbu hii hadi damu ikamwagika. Kwa desturi yao ya kale, usiku wa kuamkia siku aliyokufa baba, familia huandaa meza ya chakula na kinywaji mbele ya kibao chenye jina lake, mwana wa kwanza akaongoza, wote wakasujudu. Kanisa Katoliki lilipoikataza, muumini wake Paul Yun Ji-chung alichoma vibao vya wazee wake na kumzika mama yake bila ibada hiyo. Mwaka 1791 serikali ikamkata kichwa kwa kosa la kukana wazazi. Papa Francis alimtangaza mwenye heri mwaka 2014. Katikati ya tarehe hizo, mwaka 1939, Vatikani yenyewe ilikuwa imekwisha kulegeza katazo lile. Mtu anaweza kucheka au kulia.

Waprotestanti wa Korea nao walikataa kusujudu, lakini siku yenyewe hawakuitupa. Walibaki na tarehe ya kifo, wakabaki na nyumba, wakabaki na mlo. Badala ya kusujudu waliweka nyimbo, neno, sala na masimulizi ya aliyekufa, picha yake ikiwa mezani. Januari 1903 meli iitwayo Gaelic ilipofika Honolulu na Wakorea wapatao mia moja wa kwenda kukata miwa, wengi wao walitoka kanisa moja la Kimethodisti la Incheon, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa na kusanyiko lao mjini humo. Ibada ya namna hiyo ilimfaa sana mhamiaji. Haikuhitaji kaburi lililo karibu wala ardhi ya ukoo. Ilihitaji meza na watu wanaokumbuka tarehe. Sisemi haina kasoro: mara nyingi wanaume huongoza na wanawake hupika, na babu anayesimuliwa kila mwaka huweza kugeuka malaika kama wa wasifu wetu. Lakini panapokuwa na kila mwaka, panakuwa na nafasi ya mtu kusema, "Mwaka jana hamkulisema lile la deni."

Sisi tunamaliza matanga, tunaagana. Hata hivyo pwani yetu ina urithi mwingine ambao Wakristo tumeusahau kwa kudhani ni wa Waislamu peke yao: wosia. Mwana Kupona, mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi akiwa mgonjwa, na ndani ya mawaidha akamsimulia alivyoishi na mumewe. Shaaban Robert alifanya vivyo hivyo kwa wanawe katika tenzi zake. Hapo mzee anasema mwenyewe, angali hai, kwa mtoto anayemjua jina. Mhamiaji anahitaji hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu mashahidi wake wako ng'ambo ya ziwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliye Iowa, Oslo au Dar es Salaam: kama baba yako angali hai, acha kungoja katibu wa kanisa. Mrekodi kwa simu, umuulize alivukaje ziwa, nani alibaki, alilala wapi usiku wa kwanza, na kama kuna siku alishindwa kusali. Kisha uchague tarehe moja ya kila mwaka ambayo watoto wako watamsikiliza, hata kama itabidi uwatafsirie.